Kutumaini, Kutarajia, Kutegemea: Ni Neno Lipi Linaweza Kudaiwa?

Sikiliza taarifa za habari za Kiswahili hapa Uganda kwa juma moja tu, na sentensi hizi mbili hutazikosa: "Serikali ina matumaini kuwa mafuta yataanza kutoka" na "Serikali inatarajia mafuta yaanze kutoka." Jambo ni lile lile, msemaji ni yule yule, na pengine hata mtangazaji ni yule yule. Msikilizaji anayapokea maneno haya kama pacha. Mwanafunzi wa sekondari, ambaye katika mtaala ulioanza 2020 amewekewa Kiswahili kwenye masomo ya lazima, akimuuliza mwalimu tofauti iko wapi, huenda akajibiwa kwamba hayo ni maneno yenye maana moja.

Hayana maana moja. Yanakaribiana, yanapeana nafasi, na kuna mahali yanagongana. Lakini mwenye kuyachanganya anaweza kupoteza fedha, muda au hata usingizi, kwa sababu moja ya maneno hayo linaweza kudaiwa na jingine haliwezi.

Tuanze shambani. Chukua wakulima watatu wa Masindi, mwezi wa tatu, watu wakingoja mvua za msimu wa kwanza. Mmoja hajalima wala hajanunua mbegu, ila amekaa barazani anayahesabu magunia ya mahindi atakayouza. Huyo anatamani. Wa pili amelima na kupanda kwenye udongo mkavu, akikisia kwamba mvua haiko mbali, ingawa mbingu bado nyeupe. Huyo anatumaini. Wa tatu anazingoja mvua za mwanzo, anapanda zikishatulia, na majuma kadhaa baadaye mahindi yanamfika magotini na palizi ya kwanza imekwisha. Huyo anatarajia.

Kinachowatofautisha si ukubwa wa hamu. Yule wa barazani huenda ndiye mwenye hamu kuliko wote. Tofauti ni kile walichonacho mkononi. Kutamani hakudai chochote. Mtu anaweza kutamani hata lisilowezekana. Kutumaini kunadai jambo liwe linawezekana na moyo uwe umeelekea huko, hata kama dalili ni chache. Kutarajia kunadai sababu ambayo mtu mwingine naye anaweza kuiona akionyeshwa. Wahenga waliposema dalili ya mvua ni mawingu, walikuwa kwenye habari ya kutarajia.

Kuna kipimo kimoja chepesi ambacho hakijawahi kunitupa. Mtu anaweza kutarajia baya, lakini hatumaini baya. Wataalamu wa hali ya hewa wakitangaza kwamba wanatarajia mvua kubwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, watu wa Bududa, ambao ardhi iliwaporomokea mwaka 2010 na tena 2018, hawaitumaini mvua hiyo hata kidogo. Wanaitarajia, na wanaihofia. Kwa hiyo ukiona sentensi inayosema "madaktari wana matumaini kuwa wagonjwa wataongezeka", ujue mwandishi kateleza, au madaktari hao ni wa kuogopwa.

Sasa kutegemea. Hili ni neno la Kibantu na asili yake ni ya mwili: kitu kimeegemea kingine, na ukikiondoa cha chini, cha juu kinaanguka. Mtoto anamtegemea mzazi. Kampala inategemea umeme unaotoka kwenye Mto Nile. Lakini siku hizi neno hili limevamia shamba la kutarajia. Utasikia "Waziri anategemewa kuwasili kesho", ambapo mhariri mkali atakata na kuandika "anatarajiwa". Mhariri ana hoja: ukisema Waziri anategemewa, umesema kuna watu watakwama asipokuja. Pengine ni kweli, pengine si kweli, ila hukukusudia kusema hivyo. Mtaani vita hii imeshapotea, toka Dar es Salaam hadi Kampala watu wanasema "nategemea kufika saa nne" na dunia inaendelea kuzunguka. Mimi katika mazungumzo siwasahihishi watu. Katika mkataba au tangazo la serikali ningesahihisha.

Na hata kati ya kutumaini na kutegemea hapajawahi kuwa na ukuta. Methali moja tunayoijua wote ina sura mbili: wengine husema "Mtegemea cha nduguye hufa maskini", wengine "Mtumai cha nduguye hufa maskini". Ya pili si kosa. Tumaini lilitujia kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kutulia na kuwa na hakika moyoni. Waislamu wanaukuta mzizi huo katika Kurani, pale panapotajwa nafsi iliyotulia, *mutmainna*. Kwa hiyo tumaini la zamani lilikuwa karibu na kuamini: umeuweka moyo juu ya mtu au kitu, ukatulia. Ndiyo sababu bado tunasema "wewe ndiwe tumaini langu", kwa umoja, tukimaanisha mtu tunayemwegemea. Halafu tunasema "nina matumaini", kwa wingi, tukimaanisha ile hali ya moyo kuelekea kesho.

Uganda ina kona yake ya ziada katika habari hii. Wengi wetu Kiswahili si lugha ya kwanza nyumbani. Mwenye Kiganda anakuja na kitenzi kimoja, *okusuubira*, kinachobeba kutumaini na kutarajia kwa pamoja. Anapohamia Kiswahili analazimika kuchagua, na aghalabu anachagua lile alilolisikia kanisani au msikitini, yaani kutumaini. Matokeo yake Kiswahili cha Kampala kina matumaini mengi kuliko matarajio. Tena Kiganda kina jambo ambalo Kiswahili hakina: kutoka kitenzi hicho hicho wanapata *okusuubiza*, kuahidi. Kwa mantiki ya neno lenyewe, kuahidi ni kumfanya mtu atumaini. Mtu aliyelelewa na lugha hiyo akisikia "natumai", ni rahisi masikio yake yakapokea ahadi.

Mahali pa kuliona hilo kwa macho ni mpakani. Mazungumzo ya namna hii Busia ni ya kila siku. Mama mwenye duka la mitumba ana mzigo upande wa Kenya, na kijana wakala wa forodha ndiye anayeshughulikia hati.

"Kijana wangu, mzigo unavuka lini?"

"Natumai kesho, mama."

"Kesho saa ngapi?"

"Natumai asubuhi. Mungu akisaidia."

Mama anashukuru, anageuka pembeni, anatoa simu na kuwapigia wateja wake wa Jinja: "Kesho asubuhi nguo zipo. Njooni na pesa." Kijana hakusema uongo. Mama naye hakuongeza chumvi, kwa jinsi alivyosikia. Lakini kati ya mdomo wa mmoja na sikio la mwingine, tumaini limegeuka tarajio, tarajio likageuka ahadi, na kwa Waswahili ahadi ni deni. Kesho jioni lori likiwa bado kwenye foleni, kijana ataitwa mwongo. Mama mzoefu hakomei kwenye saa ngapi. Anauliza ushuru umelipwa? Hati imetoka? Lori liko nafasi ya ngapi? Majibu yakiwa "ndiyo, ndiyo, ya tano", anayo haki ya kutarajia. Yakiwa "bado, mama", basi wote wawili wanatumaini, na wateja wa Jinja wanafaa waambiwe hivyo.

Ukilielewa la Busia, la mafuta linakuwa jepesi. Mafuta yenye kiasi cha kufanyia biashara yalithibitishwa katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006. Kwa miaka mingi baada ya hapo nchi ilikuwa katika hali ya yule mkulima wa udongo mkavu: kitu kipo chini, ila bomba hakuna, njia ya kufikia bahari haijakubaliwa, fedha hazijatiwa. Hayo yalikuwa matumaini, na hapakuwa na aibu kuyaita hivyo. Februari 2022 uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa. Kampuni zikatia fedha, na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, karibu na Tanga, likaanza kupata mabomba yenyewe na mafundi wake. Mwaka ukatajwa: 2025. Kuanzia hapo neno lililostahili ni kutarajia. Baadaye tarehe hiyo ikasogezwa hadi 2026.

Tarajio lililopita tarehe yake lina tabia ambayo tumaini halina: linaweza kuulizwa. Kwa nini limechelewa? Ni mkopo, ni vifaa, ni mikataba? Nani alikadiria, na alikadiria kwa kutumia nini? Aliyechukua mkopo benki akajenga vyumba vya kupangisha Hoima kwa kuifuata tarehe hiyo ana swali halali. Ila msemaji akishika kipaza sauti na kusema "tunaendelea kuwa na matumaini", amerudi nyuma hatua moja bila kupiga kelele. Ameliondoa jambo mahali linapoweza kudaiwa na kulipeleka mahali ambapo cha kufanya ni kuungana naye moyo. Sisemi kila msemaji anafanya hivyo kwa hila. Wengi wanachukua neno lililo karibu na ulimi. Lakini msikilizaji anayejua tofauti atakiona kigeuko hicho hata kama msemaji mwenyewe hakukiona. Kwenye kampeni za siasa sina haja ya kueleza. Kila mtu amesikia.

Neno linalowachanganya wanaojifunza kuliko yote ni tamaa. Mtoto anafundishwa kwamba tamaa ni mbaya, tamaa mbele mauti nyuma, fisi aliponzwa na tamaa. Kisha anaambiwa asikate tamaa. Sasa kama tamaa ni mbaya, si afadhali kuikata? Swali hili ni zuri, na anayelicheka hajalifikiria. Jibu ni kwamba tamaa, nalo ni la Kiarabu, lina pande mbili tangu zamani: kutaka kupita kiasi, na kule kutarajia kupata kunakomfanya mtu aendelee kunyoosha mkono. Kwenye "tamaa ya mali" tunatumia upande wa kwanza. Kwenye "kukata tamaa" umebaki ule wa pili, umegandishwa ndani ya msemo. Anayekata tamaa ameukunja mkono. Kwa upande wa Kenya utasikia pia kutamauka, na aliyekuangusha amekutamausha. Ni mti huo huo.

Kukata tamaa si kuvunjika moyo, ingawa magazeti ya michezo yanayaandika kama kitu kimoja. Agosti 2025, Senegal ilipoifunga Uganda 1-0 kwenye robo fainali ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, pale Namboole, uwanja mzima ulivunjika moyo. Kuvunjika moyo kuna jambo lake, kuna siku yake, na kunapona. Asubuhi yake watu walikuwa tayari wanabishana nani aitwe kikosini kwa ajili ya AFCON 2027, ambayo Uganda imepewa kuiandaa pamoja na Kenya na Tanzania. Mashabiki wa Cranes, timu ya taifa ya Uganda, wana ngozi ngumu: timu ilifika fainali ya Afrika mwaka 1978 ikafungwa na Ghana, halafu haikurudi kwenye mashindano hayo hadi 2017. Miaka thelathini na tisa. Mtu aliyeendelea kuvaa jezi katika miaka hiyo alivunjika moyo mara nyingi na hakukata tamaa.

Kukata tamaa kunagusa kesho yenyewe, yote kwa jumla. Daktari Mmarekani Aaron Beck alilichukulia jambo hili kwa uzito kiasi cha kulitungia kipimo mwaka 1974, chenye sentensi 20 ambazo mgonjwa anajibu kweli au si kweli, na zote zinahusu jinsi anavyoyaona maisha yake ya mbele. Hali hiyo ikimkaa mtu majuma na majuma, akaacha kula vizuri na kulala, hadithi za "jipe moyo" hazitoshi. Hapo anahitaji mhudumu wa afya, sawa na mwenye homa isiyoshuka.

Mwanasaikolojia Charles Snyder wa Chuo Kikuu cha Kansas, miaka ya 1990 aliupasua mzigo wa matumaini na kukuta vitu viwili ndani: mtu kuwa na msukumo wa kulifuata lengo lake, na mtu kuona njia za kulifikia. Sisi tuna methali inayotaja vyote viwili, penye nia pana njia. Lakini soma vizuri, maana Snyder na methali hawasemi kitu kimoja. Methali inasema nia ikiwepo njia itajitokeza. Snyder anasema kila kimoja kinasimama peke yake na vyote vinahitajika. Kijana aliyemaliza Makerere, ana ari ya kufanya kazi, ametuma maombi mpaka amechoka, hana upungufu wa nia. Alichokosa ni njia anayoiona. Ukimhubiria nia unampigia ngoma asiyekosa kusikia. Mwonyeshe njia ya pili, hata iwe nyembamba, na matumaini yanarudi bila mahubiri. Katika hili namuunga mkono profesa dhidi ya wahenga, na wahenga watanisamehe.

Hapa pia inavunjika ile dhana kwamba mwenye matumaini ni mtu anayejidanganya, asiyeona ugumu. Anayesema "mambo yatakuwa sawa tu" huku amekaa hajahesabu chochote ni mtu wa bashasha, na bashasha ina nafasi yake matangani na harusini. Mwenye matumaini kwa maana ya Snyder anaujua ugumu kwa jina, kwa kuwa anatafuta pa kuuzungukia.

Vipi kuhusu imani? Wengi wanasema imani na tumaini ni kitu kimoja, na makosa haya yanatoka mimbarini. Biblia ya Kiswahili ya zamani yenyewe inayatenganisha, tena kwa kutumia neno la kutarajia: "Imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo." Yaani kuna jambo linalongojwa, na kuna hakika juu yake, hakika ndiyo imani. Mtu anaweza kuwa na tumaini akiwa hana hakika kabisa. Anaweza kutumaini huku anatetemeka. Kwa Waislamu kuna *inshallah*, ambayo haimo kwenye orodha hii hata moja, kwa kuwa haisemi lolote kuhusu uwezekano wa jambo. Inasema tu uamuzi wa mwisho si wangu. Kwamba siku hizi fundi akikuambia "kesho inshallah" unajua kesho hakuna kitu, hilo ni tatizo la mafundi.

Nimeliacha mwisho eneo ambalo maneno haya yalipimwa kwa uzito wake wote, nalo ni UKIMWI. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO hapa Uganda, shirika la kuwasaidia watu wenye virusi na familia zao. Dawa ya kwanza ilikuwa ndiyo kwanza imeidhinishwa Marekani mwaka huo huo, na kwa Mganda wa kawaida ilikuwa kama haipo. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama hadharani akasema ana ugonjwa huo, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amefariki. Katika hali hiyo TASO ilikuwa inawaambia watu waishi, wale vizuri, walee watoto, wapange. Kwa Kiswahili cha Afrika Mashariki msemo ukatulia kuwa "kuishi kwa matumaini".

Wapo waliodhani msemo huo maana yake ni kungoja tiba. Haikuwa hivyo. Hapakuwa na tarajio la tiba. Mshauri aliyesema vinginevyo angekuwa mwongo. Matumaini yale yalikuwa ya mambo yaliyowezekana: kumwona mtoto akianza shule, kufa ukiwa nyumbani na watu wako, kukumbatiwa bila kuogopwa. Watu waliyatenganisha kutumaini na kutarajia kwa vitendo, hata kama hawakuyatenganisha kwa sarufi.

Kuanzia 2004 serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, neno likaanza kupitwa na hali. Leo anayemeza dawa zake ipasavyo, virusi vikashuka hadi kipimo kisivione, anatarajia kuishi miaka mingi, na hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Haya ni matarajio kamili: yana dawa, yana kipimo, yana tarehe ya kurudi kliniki iliyoandikwa kwenye kadi. Kumwita mtu huyo "anayeishi kwa matumaini" ni heshima ya zamani iliyobaki mdomoni, na wengine wao hawaipendi tena, kwa kuwa inawafanya waonekane kama wako ukingoni.

Kisha, Januari 2025, Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na huduma nyingi za virusi hapa nchini zilizokuwa zikilipiwa na fedha hizo zikayumba. Dawa zilikuwa zile zile na ujuzi ule ule. Kilichotikisika ni tegemeo lililokuwa chini yake. Mhudumu aliyezoea kusema "njoo tarehe ishirini uchukue dawa zako" akibadilisha na kusema "natumai tarehe ishirini zitakuwepo", amempa mgonjwa habari nzima kwa kubadilisha kitenzi kimoja, na mgonjwa ana sababu ya kuuliza stoo kuna za miezi mingapi. Tiba ya kuviondoa virusi kabisa mwilini, kwa upande wake, bado inakaa kwenye tumaini: watafiti wako kazini, njia kadhaa zimeonekana, tarehe hakuna.